Redio ya Mjomba: unasikia kila kitu, wewe husikiki

Najua nimepotea kidogo. Kazi zilinibana, na mara ya mwisho niliahidi kuandika juu ya hifadhidata. Hifadhidata itangoja. Leo nataka kuwasimulia juu ya redio, si ile ya kusikilizia taarifa ya habari, bali redio ya mawasiliano inayofungwa ndani ya gari, ile ya kubonyeza kitufe na kusema. Mimi ni mwandishi wa programu tu, sikusomea mambo ya redio. Niliingizwa humo na mjomba wangu, na kisa chenyewe ni hiki.

Usiku wa Novemba

Mjomba ni dereva wa ambulensi katika hospitali moja huko kwetu Taita Taveta. Sitaitaja jina. Usiku mmoja wa Novemba 2022 alitumwa kumchukua mama mjamzito upande wa Maktau, kwenye ile barabara inayotoka Mwatate kuelekea Taveta. Wanaoijua wanajua kwamba ukishapita Bura ni nyika. Ndovu wa Tsavo huvuka wapendapo, na kuna mahali simu ya mkononi haishiki mtandao hata ukipanda juu ya gari.

Walipokuwa wakirudi, gurudumu la nyuma likapasuka. Mjomba akatoa la akiba. Halina upepo. Akaingia garini, akabonyeza redio aombe gari jingine. Redio ikalia ule mlio wake wa kukataa. Akabonyeza tena. Mlio. Wakati huohuo alikuwa akiwasikia wa hospitalini vizuri kabisa, wakimwita: "Ambulensi, uko wapi? Hatujakupata." Kwenye kioo cha redio vijiti vya nguvu ya mawimbi vilikuwa vinaonyesha kwamba mambo ni shwari.

Muda ukapita hivyo, yeye anawasikia, wao hawamsikii. Mwishowe lori likapita, dereva wake akapeleka ujumbe Mwatate. Gari jingine lilipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa ndani ya ambulensi, mikononi mwa nesi mmoja mwenye tochi. Mama na mtoto walipona, tunamshukuru Mungu. Lakini Mjomba hakulisahau jambo hilo. Nilipoenda nyumbani Krismasi alinikalisha chini.

"Mwanangu, wewe si mtu wa kompyuta? Hii redio ni kompyuta pia. Niangalilie."

"Mjomba, mimi naandika programu za benki. Redio sijui."

"Basi jifunze. Mimi nitarudi barabara ile."

Ungemjibu nini? Nilinyamaza, nikaomba ufunguo wa gari.

Kwanza, trankingi ni nini?

Nilikuta kwamba hospitali haina masafa yake yenyewe. Inalipia huduma kwa kampuni inayomiliki mfumo wa trankingi wa kidijitali, wa aina ya DMR. Hicho ni kiwango kilichotolewa mwaka wa 2005 na ETSI, shirika la Ulaya la viwango vya mawasiliano. Chaneli moja yenye upana wa kilohezi 12.5 inagawanywa kwa muda, ikawa nafasi mbili za mazungumzo zinazopokezana haraka hivi kwamba sikio halitambui.

Trankingi ni hivi. Zamani kila kikundi kilipewa chaneli yake: ambulensi hii, walinzi ile, mafundi wa maji nyingine. Kikundi kimoja kikiwa na mengi ya kusema kinajazana kwenye chaneli yake, huku chaneli ya jirani iko kimya. Ni kama benki yenye foleni tano, kila foleni na karani wake. Ukikosea foleni, mtu aliye mbele yako analeta gunia la sarafu na wewe umekwisha. Trankingi ni ile benki yenye foleni moja na makarani watano, anayemaliza ndiye anakuita.

Faida yake si ndogo. Mdenmaki mmoja, Agner Krarup Erlang, aliichambua hesabu ya foleni za simu katika makala ya mwaka wa 1909, na kanuni zilizotokana na kazi yake zinatumika hadi leo. Nilizijaribu kwa programu fupi. Chukua vikundi vitano, kila kimoja kinataka kuongea dakika 12 kwa saa. Ukikipa kila kikundi chaneli yake, karibu maombi 17 kati ya 100 yatakuta chaneli imeshikwa. Ukiziweka zote tano pamoja, maombi yanayokosa nafasi ni 0.3 tu kati ya 100! Hata ukitoa nafasi moja kwa ajili ya udhibiti, zikabaki nne, wanaokosa ni 1.5 kati ya 100.

Hiyo nafasi ya udhibiti ndiyo karani mkuu. Redio ikiwa haina kazi huisikiliza muda wote. Ukibonyeza kitufe, redio inatuma ombi kwanza: "Mimi ni namba fulani, nataka kikundi fulani." Mfumo ukikubali, unaipa nafasi ya kuongelea. Ombi lisipofika, au likifika na kukataliwa, unasikia mlio.

Angalia hapo. Mjomba alikuwa anapata mlio, na wakati huohuo anaisikia hospitali. Maana yake, mawimbi ya kutoka mlingotini yalimfikia, ila ombi lake halikuwa likifika mlingotini.

Ndani ya faili

Kabla ya kulaumu programu nilikagua vitu vya kushikika, kwa sababu nimeshawahi kutafuta hitilafu siku nzima kumbe waya umechomoka. Antena ilikuwa imara, plagi yake haikuwa na kutu, umeme wa betri ulikuwa sawa. Kisha nikaenda kwa fundi wa ile kampuni. Sikujipenyeza, na wewe usijaribu. Masafa haya yana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na mwenye leseni ndiye anayeruhusu redio kuguswa. Fundi alikuwa kijana mpole, akanipa kebo, programu ya kusanidi na kiti.

Tulisoma mipangilio ya redio. Namba ya redio ilikuwa sahihi. Kikundi sahihi. Orodha ya chaneli za udhibiti ilikuwa na vituo vyote viwili: kimoja juu ya Milima ya Taita, na cha pili kwenye kilima kidogo upande wa nyika. Nitaviita Kituo cha Mlimani na Kituo cha Nyikani. Vimeunganishwa, kwa hivyo ukishika chochote kati yavyo unaipata hospitali. Mpaka hapo sawa.

Halafu nikaona mistari miwili:

Nguvu ya kurusha: ndogo, wati 5.
Kizingiti cha kuhama kituo: -118.

Nikauliza nani aliweka hivyo. Fundi akakuna kichwa. Redio zilipobadilishwa kuwa za kidijitali mwaka wa 2021, waliokuja kuzifunga walisanidi redio moja vizuri, kisha wakanakili faili lake kwenye zingine zote na kubadilisha namba tu. Ile ya kwanza ilikuwa ya pikapu ya hospitali, ambayo haivuki Mwatate. Kwa pikapu ile namba hizo zilikuwa sahihi kabisa! Iko chini ya mlima, wati 5 zinatosha, na hakuna haja ya kuhama kituo. Tatizo ni kwamba pikapu haiendi Maktau.

Wenzangu waandishi wa programu, mnacheka? Msicheke. Ni mara ngapi tumenakili faili la mipangilio kutoka mradi mmoja hadi mwingine, tukabadilisha jina na nywila, tukaenda kunywa chai?

Hizo namba hasi

Tueleze kidogo. Nguvu ya mawimbi yanayoingia redioni hupimwa kwa dBm, yaani desibeli ukilinganisha na miliwati moja. Kwa kuwa kinachofika ni kidogo mno, namba zote ni hasi. Kumbuka sheria mbili. Ukishuka kwa 10, nguvu imegawanywa kwa 10. Ukishuka kwa 3, imebaki nusu. Kwa hiyo -74 ni kubwa kuliko -109, na si kidogo, ni zaidi ya mara 3,000.

Redio nzuri ya aina hii husikia hadi karibu -119. Sasa kizingiti cha kuhama ni ile namba inayoiambia redio: "Kituo ulichoshika kikififia kuliko hapa, anza kutafuta kingine." Ukiweka -118, unaiambia ishikilie kituo chake mpaka iwe kiziwi kabisa. Mjomba aliondoka akiwa ameshika Mlimani, na redio ikaendelea kung'ang'ania Mlimani hadi nyikani, wakati mlingoti wa pili uko karibu naye.

Na kwa nini asisikike? Kwa sababu mlingoti unarusha wati 50, yeye anarusha 5. Hiyo ni tofauti ya desibeli 10. Njia ya hewani ni ileile kwenda na kurudi, kwa hiyo redio ikionyesha inapokea -109, mlingoti unaipokea kwa -119. Na juu ya mlima kuna mitambo mingine mingi inayopiga kelele za kiredio, kwa hivyo mlingoti ule haupati kitu cha maana ukipita -115. Vijiti vya kwenye kioo vinaonyesha unachosikia wewe. Havisemi lolote juu ya kama wewe unasikika. Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo, na natumia simu ya mkononi kila siku!

Kuna jambo jingine ambalo Mjomba mwenyewe aliligundua bila kitabu. Aliniambia, "Zamani redio ilikuwa inaniambia nikiwa mbali. Inaanza kukwaruza, nageuza gari, natafuta mwinuko. Hii mpya inaongea kama iko kando yangu, halafu inanyamaza." Kweli kabisa. Redio ya analogi hufifia polepole na kelele zake ni onyo. Ya kidijitali husahihisha makosa kimyakimya hadi yanapoishinda, kisha sauti inakatika ghafla. Dereva amenyang'anywa onyo, na hakuna aliyemwambia.

Jinsi nilivyoharibu

Ningependa kuwaambia kwamba nilirekebisha siku hiyohiyo. Hapana. Nilikaa pale kwenye kiti cha fundi, nikapandisha nguvu hadi wati 25, ambayo ndiyo ya juu kwa redio ile, kisha nikaweka kizingiti -90. Mantiki yangu: kama kung'ang'ania ni kubaya, basi redio ihame mapema. Na ile tofauti inayotakiwa kati ya kituo cha zamani na kipya kabla ya kuhama nikaiacha sifuri. Nikajiona mjanja.

Siku mbili baadaye Mjomba akapiga simu. "Mwanangu, sasa ni mbaya zaidi. Hata hapa Bura inakata maneno."

Nilikuwa nimetengeneza redio isiyotulia. Kati ya Bura na Maktau kuna sehemu ambapo vituo vyote viwili viko chini ya -90 na vinakaribiana. Redio inashika Mlimani, inaona ni -96, inatafuta, inapata Nyikani kwa -95, inahama na kujiandikisha upya. Gari linapita kichaka, Nyikani inashuka hadi -97, inarudi Mlimani. Kila inapohama kuna kitambo ambacho haisikilizi, na wito ukija wakati huo umekupita. Waliowahi kuandika programu ya kusoma swichi au kipimajoto wanaijua hali hii: usipoweka nafasi kati ya namba ya kuwasha na ya kuzima, kifaa kitawaka na kuzima bila kukoma.

Niliona aibu, maana nilichofanya ni kosa lilelile la waliotangulia. Wao walinakili namba ya barabara nyingine, mimi nikabuni yangu nikiwa kitini. Hakuna kati yetu aliyeiona barabara.

Tukaenda barabarani

Januari 2023 nikaomba likizo ya siku mbili. Tulifunga redio mbili kwenye gari, moja nikaifungia kituo cha Mlimani peke yake, nyingine Nyikani peke yake. Laptopu mapajani, kebo mbili, na programu fupi niliyoiandika kwa Python, ikisoma nguvu ya mawimbi na mahali tulipo kutoka kwenye GPS kila sekunde. Mjomba anaendesha kilomita 50 kwa saa. Kila baada ya kilomita mbili tunasimama, namwita fundi ambaye yuko kwenye mtambo wake, naye ananisomea mlingoti unanipokea kwa kiasi gani na kama maneno yangu yamekamilika.

Haya ndiyo tuliyopata, kwa ufupi:

Mwatate: Mlimani -74, Nyikani haisikiki.
Bura: Mlimani -88, Nyikani -113.
Katikati, juu ya mwinuko: Mlimani -96, Nyikani -98.
Bondeni kabla ya Maktau: Mlimani -109, Nyikani -97.
Maktau: Mlimani -115, Nyikani -84.

Bondeni Mjomba alisimamisha gari bila kuambiwa. "Ni hapa," akasema. Alishuka akazunguka nyuma ya gari, akatazama lami mahali gurudumu lilipopasukia. Nikatazama laptopu. Mlimani -109, bado vijiti viwili kwenye kioo. Nikatoa wati 25, nikarudisha 5, nikabonyeza. Mlio. Nikageukia redio ya pili iliyoshika Nyikani, nayo kwa wati 5 zilezile. Fundi akanijibu mara moja, sauti safi.

Yaani usiku ule msaada ulikuwepo. Hata kwa nguvu ile ndogo, kama redio ingeachia mlingoti wa mbali na kushika wa karibu, hospitali ingemsikia kwa mbonyezo wa kwanza. Nilimwambia Mjomba hivyo. Hakujibu. Akakaa kidogo, kisha akawasha gari.

Namba tulizochagua

Kutokana na safari ile tuliona kwamba kwa wati 25 maneno huanza kukatika kule hospitalini pale redio inapoonyesha karibu -112. Hii inakubaliana na hesabu: kati ya wati 50 na 25 kuna desibeli 3, na mlingoti ulikuwa unakwama kwenye -115. Tukaongeza nafasi ya usalama ya desibeli 8, kwa sababu ya mabonde, miti na mvua za masika. Kizingiti kikawa -104. Na tukaweka sharti kwamba redio isihame mpaka kituo kipya kikizidi cha zamani kwa desibeli 6. Juu ya mwinuko inatulia na Mlimani. Ikishuka bondeni inahama mara moja, basi.

Kama una redio za aina hii kazini kwako, utaratibu wangu sasa ni huu:

1. Omba ruhusa ya mwenye leseni. 
2. Kagua antena, plagi na umeme kabla ya kufungua tarakilishi.
3. Soma mipangilio iliyopo, uihifadhi kwa jina lenye tarehe, ndipo uguse kitu.
4. Hakikisha orodha ya chaneli za udhibiti ina vituo vyote ambavyo gari hilo litapita, na namba ya redio haigongani na nyingine.
5. Weka nguvu ya kurusha kulingana na safari ya mbali zaidi ya gari hilo, si mahali linapoegeshwa.
6. Endesha njia yenyewe, pima kwenda na kurudi. Usikie na usikike.
7. Kizingiti kiwe juu ya pale unapoacha kusikika, pamoja na nafasi ya usalama. Usisahau tofauti ya kuzuia kurukaruka.
8. Andika kwenye karatasi kwa nini ulichagua kila namba, uibandike mahali. Atakayekuja baada yako asinakili tu.

Ile ya nane tuliifanya. Ndani ya mlango wa ambulensi kuna karatasi iliyofunikwa kwa nailoni yenye namba tatu na sababu zake. Pikapu tuliiachia faili lake la zamani. Linaifaa.

Mwezi wa tatu Mjomba alinipigia usiku. Nilishtuka, simu ya usiku si ya heri. Kumbe alikuwa ameshafika hospitalini na mgonjwa kutoka Maktau, gari halikuharibika, hakuna lililotokea. Alikuwa na neno moja tu. Alipofika bondeni alisimama, akabonyeza, akawauliza wanamsikia vipi.

"Wakasemaje, Mjomba?"

"Wakasema nisipige kelele, wananisikia."

Haya wasomaji, hifadhidata ni mara ijayo, naahidi :-) Tuonane.